Dakta Krapf na Jedwali la Lugha Sita

Mwanafunzi wangu mmoja alinijia nyumbani Kuze jioni moja, baada ya swala ya alasiri, kipakatalishi kwapani na bashasha usoni. Nilikuwa nimeketi barazani pamoja na majirani, kila mtu na kikombe chake cha kahawa chungu. Kichochoro chetu ni chembamba, hata mkokoteni ukipita watu hubana migongo ukutani, kwa hiyo haikuwezekana habari ya kijana huyo iwe siri. Alikifungua kile chombo palepale barazani akatuonyesha kazi iliyomkesha: jedwali dogo la lugha sita za Afrika ya Mashariki, kila lugha imelinganishwa na nyenzake, na katika kila kisanduku imo tarakimu moja ya asilimia.

Hakuihesabu yeye. Aliandika programu fupi akaiagiza kompyuta isome orodha ya maneno, ilinganishe, igawe, ipange, kisha iyahifadhi matokeo katika faili. Kazi ambayo walimu walionifundisha mimi waliifanya kwa kalamu ya risasi na kadi za karatasi, miezi ikapita, yeye ilimchukua muda wa kufumba na kufumbua. Nilimsifu, naye alistahiki sifa.

Kisha nikamwuliza maneno yenyewe ameyatoa wapi. Akajibu kwamba ni ya Krapf. Nikamwuliza Krapf ni nani. Hapo akasita. Alijua kwamba alikuwa mmisionari na kwamba aliuona Mlima Kenya. Zaidi ya hayo hakuwa na la kusema. Na niseme kweli, nilipojipima mimi mwenyewe sikukumbuka siku niliyowahi kuwasimulia wanafunzi maisha ya mtu huyo kama yanavyostahili kusimuliwa. Makala haya basi ni deni ninalolilipa, na ninawalipa pia walimu wenzangu ambao huenda wanadaiwa kama mimi.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Tangu utotoni alionekana kuwa na sikio la lugha, akasoma lugha za kale za Ulaya na Kiebrania, na baadaye akapata mafunzo ya umisionari huko Basel, Uswisi. Mwaka 1837 shirika la CMS la Uingereza lilimtuma Ethiopia. Huko alijifunza Kiamhari, lakini moyo wake uliwaelekea zaidi Waoromo, watu ambao wageni wa zama zile waliwaita Wagalla, jina ambalo wenyewe hawalitaki. Mwaka 1840 alichapisha muhtasari wa sarufi ya lugha yao, na mwaka 1842 akatoa orodha ya maneno yake. Aliamini kwamba atakayewafikia Waoromo atakuwa ameushika ufunguo wa bara zima.

Siasa za Ethiopia zilimfungia mlango. Krapf, mtu ambaye hakujua kukata tamaa, akatazama ramani akaona kwamba kuna mlango wa nyuma: ashuke kwa bahari hadi pwani yetu, kisha awapandie Waoromo kutoka kusini. Hiyo ndiyo sababu ya kuja Mombasa. Nalisisitiza jambo hili kwa kuwa vitabu vya shule humwonyesha kana kwamba alizaliwa kwa ajili ya Kiswahili. La hasha. Kiswahili kilikuwa njiani tu, naye alikikuta kama msafiri anavyokikuta kisima alipokuwa akielekea mjini, akanywa, akakaa.

Alifika Zanzibar mwezi wa Januari mwaka 1844, akapokewa vyema na Sayyid Said bin Sultan, aliyempa barua ya kumjulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mwaka huohuo akahamia Mombasa na mkewe, Rosine. Tuukumbuke mji aliouingia. Utawala wa Mazrui ulikuwa umeanguka mwaka 1837, na Muyaka bin Haji, malenga mkubwa wa Mvita, alikuwa amefariki yapata miaka minne tu kabla ya mgeni huyo kutia mguu gatini. Mashairi yake yalikuwa yangali vinywani mwa watu. Huu ulikuwa mji wa kadhi na mwalimu, wa madrasa na tungo, ambao uliiandika lugha yake kwa hati ya Kiarabu karne nyingi kabla ya Krapf kuchonga kalamu. Yeyote asemaye kwamba mmisionari huyo ndiye aliyetufundisha kuandika Kiswahili hana habari. Alichokifanya ni kukiandika kwa herufi za Kirumi na kukipanga kwa safu.

Mwezi wa Juni mwaka 1844, akiwa na wiki chache tu mjini, alianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhiddin. Fikiria wawili hao wakikaa pamoja: mmoja kadhi wa Kiislamu, mwingine kasisi wa Kijerumani, wakiijadili kauli moja hadi ikubalike masikioni mwa Wamvita. Sura tatu za kwanza za tafsiri hiyo zilichapwa Marekani mwaka 1847. Lakini kabla mwezi haujazunguka tangu kazi ianze, homa iliingia nyumbani kwa Krapf. Rosine alijifungua mtoto wa kike, na katika Julai hiyohiyo mama akafariki, na kichanga kikamfuata baada ya siku chache. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, ambako kumbukumbu yao ipo hadi leo. Krapf mwenyewe alikuwa mahututi. Alipopata nafuu hakufunga mizigo kurudi kwao. Alirejea kwenye karatasi zake za maneno.

Mwaka 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, Mjerumani mwingine, na mwezi wa Agosti wakajenga kituo Rabai, katika vilima vya nyuma ya Mombasa. Sasa masikio yake yalizungukwa na lugha nyingine. Aliwasikia Warabai na ndugu zao Wamijikenda, ambao wenyeji wa mjini waliwaita Wanyika, yaani watu wa porini, jina lisilo la heshima. Waliopita Rabai na misafara ya pembe ni Wakamba. Kutoka mto Tana walikuja Wapokomo. Na kwa kuwa hakuiacha ile ndoto yake ya kwanza, daftari la Kioromo alikuwa nalo daima. Mwezi wa Mei 1848 Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro. Mwezi wa Disemba 1849, akiwa Ukambani kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, Krapf aliiona theluji ya Mlima Kenya. Mabingwa wa jiografia waliokaa kwenye viti vyao London wakakataa katakata kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Habari ya milima hii imeandikwa mara nyingi, sina haja ya kuiongeza.

Mimi nitazamacho ni kitabu chembamba alichokichapa Tübingen alipokwenda Ulaya mwaka 1850. Ni jedwali tupu, kurasa kwa kurasa. Kushoto limesimama neno la Kiingereza, na kando yake zimesimama safu sita: Kiswahili, Kinika, Kikamba, Kipokomo, Kihiau na Kigalla. Kinika ni lugha za Wamijikenda, Kihiau ni Kiyao, na Kigalla ndicho Kioromo. Mwaka huohuo alitoa pia muhtasari wa sarufi ya Kiswahili. Kabla ya Wilhelm Bleek kulieneza jina la Kibantu katika kitabu chake cha mwaka 1862, Krapf alikuwa amekwisha kuona kwamba lugha hizi, kutoka ikweta hadi kusini mwa bara, ni za ukoo mmoja. Aliuona ukoo huo kwa sababu aliyaweka maneno bega kwa bega. Jedwali lina uwezo huo, humfanya mtu aone kwa jicho jambo ambalo sikio lingelisahau.

Tuchukue neno maji. Wamijikenda husema madzi, Wakamba wa sehemu nyingine husema manzi, Wayao husema mesi, lakini Mworomo husema bishaan. Mtoto wa darasa la nne akionyeshwa mstari huo ataonyesha kwa kidole ni nani asiye wa nyumba hii. Na hapa ndipo ninapoistahi safu ya sita, ambayo wengi huiona kama kitu kilichokosea njia. Bila jamaa wa mbali ndani ya jedwali hatuwezi kujua ukaribu wa jamaa wa karibu ni wa kiasi gani. Ndoto yake iliyoshindwa, ya kuwafikia Waoromo, ndiyo iliyompa kipimo.

Sasa turudi kwa mwanafunzi wangu na kompyuta yake. Lugha sita zikilinganishwa mbilimbili hutoa jozi 15. Orodha ikiwa na maneno 100, kompyuta italinganisha mara 1,500. Programu huanza kwa kuifungua faili ya maneno, ambamo kila mstari ni dhana moja na kila safu ni lugha moja. Huchukua jozi ya kwanza, hupita mstari baada ya mstari, na kila ipatapo maneno yanayolingana huongeza moja. Mwisho hugawa, huzidisha kwa mia, huandika jibu katika kisanduku, kisha huendelea na jozi ya pili hadi ya kumi na tano. Jedwali likikamilika huandika vichwa vya safu juu, huandika mistari chini yake, na kuifunga faili. Hakuna uchawi. Mwaka 1843, mwaka mmoja tu kabla ya Krapf kufika Mombasa, mwanamke wa Kiingereza, Ada Lovelace, alikuwa amechapisha jedwali la hatua ambazo mashine ya Charles Babbage ingezifuata ili kukokotoa mfululizo wa namba. Mashine yenyewe haikukamilika kamwe. Babbage alianza kuifikiria kazi ya mashine kwa sababu alichoshwa na makosa yaliyojaa katika majedwali ya hesabu ya siku zake, makosa ya wakokotoaji, ya wanakili na ya wapanga chapa. Sijui angesema nini kuhusu wapanga chapa wa Tübingen, ambao bila shaka hawakuwahi kusikia neno moja la Kipokomo, wakipanga herufi za lugha sita wasizozijua.

Lakini kompyuta haiwezi kujua ni maneno yapi yanayolingana mpaka iambiwe. Kijana wangu aliiambia hivi: iwapo zaidi ya nusu ya herufi zinafanana mahali pamoja, hesabu moja; zisipofanana, hesabu sufuri. Kwa kanuni hiyo maji na mesi si ndugu, kwa maana zinazolingana ni herufi mbili tu kati ya nne. Meza ya Kiswahili na meza ya Kigiriama kwa upande mwingine ni ndugu wa damu, ilhali kila msomi anajua kwamba neno hilo limetoka Ureno na wote wawili wameliazima. Nilipomwonyesha hayo alitikisa kichwa kwa uungwana, kama wafanyavyo vijana wanapodhani kwamba mwalimu anatafuta kasoro ndogondogo ili asipitwe.

Aliyemshinda si mimi. Nyumba ya mkabala anakaa bi mkubwa mmoja ambaye dirisha lake la juu hutazama baraza yetu, na ambaye hakuna kitu kinachosemwa chini kisimfikie juu. Mwanafunzi alikuwa akinisomea hesabu za moja hadi kumi, naye alifika kwenye saba. Kimijikenda husema fungahe. Programu ilikuwa imetia sufuri, na kwa macho ya herufi ilikuwa na haki. Kutoka dirishani ikashuka sauti ikiuliza kama huyo kijana hajapata kuhudhuria arusi. Bi mkubwa alitaka kujua siku za bwana arusi na bibi arusi kukaa ndani huitwaje. Sote tukasema kwa pamoja kwamba huitwa fungate. Akauliza ni siku ngapi. Tukanyamaza.

Ni siku saba. Kiswahili kilikuwa na neno lake la saba kabla ya kuliazima la Kiarabu, na neno hilo halikufa, limejificha ndani ya arusi. Sita ilikuwa tandatu, Wamijikenda wakisema tandahu. Tisa ilikuwa kenda, Wakamba husema kenda hadi leo, na kenda hiyohiyo imo ndani ya jina la Mijikenda, miji tisa. Hesabu tatu hizo programu ilizitia sufuri zote. Jedwali la tarakimu lingesema kwamba Mswahili na Mgiriama wameachana mbali, na arusi za Kuze zingesema vinginevyo. Wataalamu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao kikubwa cha mwaka 1993, wamevionyesha Kiswahili, Kimijikenda na Kipokomo kuwa ni tawi moja, wakaliita Sabaki, wakiwemo ndani yake Waelwana na Wangazija. Walifika huko kwa kufuatia sauti moja moja jinsi zilivyogeuka, wakiona kwa mfano kwamba mvula ya Wamijikenda imekuwa mvua kwetu kwa kuangusha l, na kwamba l haikuanguka katika neno hilo peke yake.

Kosa la pili lilinihusu zaidi, kwa kuwa mimi mwenyewe nimewahi kulifanya. Nakala aliyoipata mwanafunzi ilikuwa imefifia, na baadhi ya visanduku akaviacha vitupu. Programu yake ilikihesabu kisanduku kitupu kama neno lisilofanana. Tuseme lugha fulani ina maneno 80 tu yanayosomeka kati ya 100, na 60 miongoni mwake yanalingana na ya Kiswahili. Ukigawa kwa 100 utapata asilimia 60. Ukigawa kwa 80, kama ipasavyo, utapata 75. Ni tofauti ya ukoo mzima, na imetokana na wino uliofifia. Miaka kadhaa iliyopita niliwahi kusimama mbele ya darasa na jedwali langu nikatangaza kwamba Kipokomo kiko mbali na Kiswahili kuliko tulivyodhani. Msichana mmoja kutoka bonde la Tana, aliyeketi nyuma, aliniuliza kwa adabu maneno ya kwao niliyoyakosa nimeyahesabu vipi. Sikuwa na jibu. Nilirudi ofisini nikaifungua programu, na huo mstari wa kugawa bado nauona usingizini.

Visanduku vitupu na maneno yaliyoazimwa vyaweza kutengenezwa. Lipo lililo zito zaidi. Jedwali la Krapf lina safu ya Kiingereza na safu sita za lugha, lakini halina safu ya msemaji. Nani alimpa maneno ya Kiyao? Nchi ya Wayao iko mbali kusini, upande wa Ziwa Nyasa, naye hakuikanyaga kamwe. Ni lazima kulikuwa na mtu, mwanamume au mwanamke, aliyeletwa pwani, pengine kwa minyororo, akaulizwa moto kwao huitwaje, na mama, na nyumba, naye akajibu. Majibu yake yamo kitabuni, yeye hayumo. Rebmann katika hili alikuwa bora kuliko rafiki yake. Kamusi yake ya Kinyassa, ambayo Krapf ndiye aliyeisimamia hadi ikachapwa mwaka 1877, inamtaja mtumwa Salimini kuwa ndiye mwenye maneno. Jina moja tu, lakini latosha kumfanya msomaji ajue kwamba lugha ile ilisemwa na mtu mwenye koo na ulimi.

Sisemi haya ili kumshusha Krapf. Kazi yake ilimgharimu mno. Mwaka 1851 alirudi Ukambani, akafuatana na Kivoi kuelekea mto Tana. Msafara ulivamiwa, Kivoi akauawa, na Krapf akatoroka porini peke yake. Alitembea usiku na kujificha mchana, akiumwa njaa na kiu, hadi akaokoka. Mwaka 1853 afya yake iliyovunjika ikamrudisha Ujerumani, akafanya makao Korntal. Huko aliandika habari za safari zake, zikatoka kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860. Mwaka 1862 alirudi tena pwani kwa muda, akiwaongoza wamisionari wa Kimethodisti waliokwenda kuanzisha kituo Ribe. Baada ya hapo kazi yake kubwa ilikuwa ni karatasi.

Maana alikuwa na kamusi. Tangu Mombasa alikuwa akikusanya maneno ya Kiswahili, na karatasi hizo aliendelea kuzirekebisha Korntal kwa miaka, mbali na bahari, mbali na yeyote ambaye angemsahihisha kwa kusikia. Alifariki mwezi wa Novemba 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi ikatoka London mwaka 1882. Ilikuwa ni kamusi ya Kiswahili cha Mombasa, imejaa maneno ambayo mjukuu wa Mmvita wa leo huyatafuta katika kamusi za shule asiyaone. Harry Binns aliirekebisha na kuipanga upya, ikatoka mwaka 1925. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1928, wajumbe wa serikali za kikoloni walikutana hapahapa Mombasa wakaamua kwamba Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja. Kejeli ya historia ni kwamba mji uliotoa kamusi kubwa ya kwanza ndio uliokuwa ukumbi wa kuamua kwamba lahaja yake si kipimo.

Kwa sababu hiyo maneno yaliyohifadhiwa na Krapf yana thamani kwetu, watu wa Kuze na wa mitaa jirani, ambayo huenda mwenyewe hakuikusudia. Sisi husema mato, si macho, na t ya mato huguswa menoni. Sisi husema nti na ndia, na barabara yetu ya kale ingali inaitwa Ndia Kuu, haikugeuka Njia Kuu. Mwanafunzi anayeandika programu ya kusawazisha tahajia, akaiagiza ibadilishe kila ndia iwe njia ili ulinganisho uwe mwepesi, anafanya kwa sekunde moja lile lililoamuliwa mwaka 1928. Mimi nilifanya vibaya zaidi. Niliwahi kuandika programu ya namna hiyo iliyosoma faili ya maneno na kuyahifadhi matokeo katika faili yenye jina lilelile. Nilipobonyeza, tahajia ya zamani niliyoinakili kwa mkono kwa wiki mbili ilifutika, ikabaki sanifu safi isiyo na harufu ya mtu. Hakukuwa na nakala ya pili. Tangu siku hiyo faili ya asili huifunga isiandikwe juu yake, na kila jedwali linalokokotolewa hupewa jina lake lenyewe na tarehe yake.

Niliyaeleza hayo barazani, na safari hii kijana hakutikisa kichwa. Aliirudia kazi kwa siku nne. Akaacha kuyapima maneno kwa herufi, akampa kila neno namba ya ukoo wake kwa mkono, yaliyoazimwa akayatenga, visanduku vitupu akaviondoa katika kugawa. Vichwa vya safu alivibadilisha katika jedwali jipya viwe Kimijikenda, Kiyao na Kioromo, lakini katika faili ya asili akaviacha kama Krapf alivyoviandika, hata vile vinavyotuudhi. Tarakimu zake sasa zinaelekea pale walipofika Nurse na Hinnebusch, ingawa orodha ya maneno 100 si ya kutolea hukumu.

Kisha akaongeza safu ya saba kwa maneno anayoyakusanya yeye mwenyewe hapa mtaani: jina la msemaji, mtaa wake na siku aliyosema. Mstari wa kwanza ulikuwa wa fungate. Alimwamkia bi mkubwa kutoka chini akaomba ruhusa ya kuliandika jina lake. Ruhusa aliipata, kwa sharti kwamba liandikwe lote, na la baba yake, na la babu yake, na taifa lake katika Mataifa Kumi na Mawili ya Mombasa, kila kimoja kikitengwa na mwenziwe kwa koma. Programu ilikuwa ikizitenganisha safu kwa koma. Jedwali lote likasogea kulia, Wakamba wakaingia kwa Wapokomo, na kijana akaketi tena barazani kuandika upya huku bi mkubwa akimwuliza kutoka dirishani kama bado hajamaliza.